Nyasi Tulizozika Kisiwani

Mimi niliishia darasa la nne, na leo nyumba yangu ya Malangali, hapa Sumbawanga, imeezekwa bati la rangi na lori linalala uani. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Wenzangu walipokuwa wanasubiri ushirika uje kuyachukua mahindi yao, mimi nilikuwa nayasafirisha kwa baiskeli kwa kujifichaficha, na siku iliposemwa kwamba sasa ni ruksa, kila mtu auze anakotaka, nilikuwa nimeshazijua njia zote. Nikauza mitumba, nikauza dagaa, nikanunua lori kuukuu ambalo mafundi wa Sumbawanga walisema halitapanda hata mlima wa kwanza. Lilipanda. Hakuna mtu aliyenishika mkono, na hilo nalisema mbele ya yeyote.

Isipokuwa dada yangu.

Mama alifariki nikiwa natambaa, na dada, mzaliwa wa kwanza, akanifunga mgongoni akaenda nami shambani. Jembe lilikuwa linapanda na kushuka karibu na kichwa changu na halikunigusa hata mara moja. Nilipoweza kusimama akanifundisha kupiga matuta ya ntumba. Asiyetoka Ufipa nimweleze. Huku juu kwetu ni nchi ya nyasi na baridi, miti ni ya kutafuta. Mvua zinapokaribia kuisha na nyasi zimesimama hadi kifuani, unazilaza, unazikusanya lundo moja, unazifunika kwa udongo mpaka panatokea tuta la mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Nyasi zinaozea humo ndani. Juu yake unapanda maharage. Msimu unaofuata unalivunja tuta, unatandaza ile mboji, unasia ulezi au unapanda mahindi. Wazee wetu hawakujua mbolea ya mfuko na hawakulala njaa. Na miaka hiyo ya ruksa, mbolea ya mfuko ilipopanda bei hadi mkulima akawa anaitazama dukani kama picha ya ukutani, sisi Wafipa tulirudi kwenye nyasi zetu na kuwacheka wengine.

Dada alikuwa fundi wa matuta. Tuta lake ungeweza kulikalia kwa mvua nzima lisimomonyoke. Ndiyo maana watu walishangaa alipoolewa na mvuvi. Akateremka naye ziwani, kwenye kisiwa kidogo ukishapita Kate na kuushuka ukingo wote ule wa milima. Kisiwa chenyewe ukianza kukizunguka maji ya ugali yakiwa jikoni, unarudi hayajachemka. Kaya chache, vichanja vya kukaushia samaki, mawe, na miti iliyokuwa inapungua kila mwaka kwa sababu samaki hakaushwi kwa maneno.

Huko alizaa mtoto mmoja, wa kiume. Mtoto akashikwa na homa wakati upepo wa ziwa umechafuka, mitumbwi yote imevutwa nchi kavu, hakuna wa kuvuka. Homa haikusubiri upepo. Wakamzika nyuma ya nyumba, pembeni ya jiwe kubwa. Baada ya hapo shemeji akawa anavua mbali zaidi na zaidi, mpaka akavuka kwenda Kongo na hakurudi. Tulisikia ana mji mwingine huko. Sitamtukana hapa, ingawa maneno ninayo.

Nilimfuata dada na lori langu, nikiwa nimevaa saa mpya. Nikamsalimia, shikamoo dada, nikamwambia nina chumba chenye saruji, anyanyuke twende. Akaniangalia saa, akacheka kidogo.

"Umekuwa tajiri, mdogo wangu. Lakini mimi nikienda, nani atakaa naye?"

 Mimi ninayejua kujibu wanunuzi wa mahindi kutoka mikoa yote nikavuta mkono wa shati nikaifunika saa. Nikapanda mtumbwi nikarudi peke yangu.

Halafu ukaja mradi. Miaka ile miradi ilikuwa inaingia kama marobota ya mitumba, hujui ndani kuna nini mpaka ufungue. Huu ulikuwa wa kuhifadhi kisiwa. Wenye mradi walieleza kwamba kisiwa kimebaki uchi, mvua inashusha udongo majini, na udongo unafukia mazalia ya kuhe, yule samaki mkubwa ambaye kila mtu alikuwa analalamika kwamba haonekani tena. Serikali ya kijiji cha ufukweni ikakaa na Wazungu wa mradi wakakubaliana. Kaya zitakazotaka kubaki zibaki kama walinzi, bila kukata mti, lakini kwanza kisiwa kivikwe miti. Miche ikishika, wakazi wabaki. Isiposhika kabla ya mvua za msimu unaofuata, watu wote waondoke, kisiwa kifungwe, asikanyage mtu.

Wengi hawakusubiri. Walifungasha nyavu wakahamia ng'ambo ya ufukwe, kwa sababu kwao kisiwa kilikuwa mahali pa kuvulia tu. Dada alibaki na wazee wawili watatu. Kwake ile miche haikuwa miche. Ilikuwa ruhusa ya kukaa karibu na lile jiwe.

Nilizisikia habari hizi nikiwa ufukweni napakia dagaa. Wakasema wanatafuta watu wa kujitolea kupanda, chakula kipo, malipo hakuna. Nikajiandikisha palepale. Sumbawanga walinicheka, wakaniuliza tajiri gani anayekwenda kulima bure kisiwani wakati mahindi yanangoja gari. Niliwaambia mtu mwenye gari lake haulizwi. Na sikwenda peke yangu. Mimi nikifanya jambo nalifanya jambo. Nilikusanya akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa, kila mmoja na jembe lake, wakajaa kwenye lori wakiimba. Tulipoanza kuteremka kutoka Kate, breki zikinuka, nyimbo zilikatika zikaja rozari. Mmoja akanipigia kelele kutoka nyuma kwamba kama nimechoka kuishi nimshushe kwanza yeye, ana kuku wameangua. Wakacheka wote, na rozari ikaendelea.

Kisiwani tulimkuta bwana miti wa mradi, kijana wa familia ya wafugaji waliohama kutoka kaskazini-magharibi wakakaa Bonde la Rukwa. Alikuwa ametoka chuoni karibuni, mpole, ana kofia ya nyasi. Alitukusanya akachimba shimo la mfano. Jembe likagonga mwamba. Akasogea, akachimba tena, likagonga. Udongo wa pale ulikuwa kama blanketi la hospitali, ukivuta upande huu, upande ule unabaki wazi. Dada alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mwanangu, huo mche unaupanda au unauzika?"

"Naupanda, mama."

"Sisi kwetu shimo ni la maiti. Kinachoota tunakiweka juu."

Akina mama walishangilia. Bwana miti naye alicheka, akavua kofia, akasema basi mama atuonyeshe. Dada akaeleza ntumba. Udongo kidogo uliopo ukusanywe, chini yake nyasi nyingi, tuta liwe kubwa, lenye chakula na unyevu tumboni, mche ukae juu yake. Kijana alifikiri, akakwangua mwamba kwa kidole cha mguu, akasema kweli, kwa udongo huu sioni njia nyingine. Hakuna aliyemlazimisha. Na hakuna aliyeona kasoro, maana hapakuwa na Mfipa pale ambaye hakulelewa na tuta.

Tatizo lilikuwa nyasi. Kisiwa hakikuwa na nyasi za kutosha hata kuezeka kibanda cha kuku. Hapo ndipo nilipojulikana. Nilipanda na lori hadi juu ya ukingo, tukafyeka nyasi ndefu za kwetu, tukashindilia lori mpaka likawa kama nyumba inayotembea, tukashuka nazo, tukazipakia kwenye boti, boti ikaondoka inaonekana nyasi tupu, injini inasikika mtu haonekani. Watoto wa ufukweni walikimbia pembeni wakipiga kelele. Nilirudia safari mpaka dada mwenyewe akasema zinatosha. Mafuta yote yalikuwa yangu, na sijamdai mtu.

Tulipiga matuta. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama zile siku, wala sitafanya tena. Dada alikuwa anapita kila tuta, analipiga kofi kama anavyopigwa mtoto mnene, akiona limelegea analivunja na kukuambia urudie, mimi tajiri nikirudia kama wengine. Juu tulipanda mikuyu na mininga. Kandokando ya miche dada akachomeka maharage, kwa sababu hakuweza kuona tuta bila maharage. Mchana tulikula ugali na dagaa tukiwa tumelowa jasho, na wale wa Malangali, waliozoea baridi, wakajimwagia maji ya ziwa wakiwa na nguo zao.

Siku ya mwisho ulibaki mche mmoja wa mkuyu. Dada akaomba aupande pale kwenye jiwe, kichwani pa mtoto. Mama mmoja akaanza kuburuta nyasi, dada akamzuia, akasema kaburi si shamba, halipigwi tuta. Akachimba kashimo kwa kisu, udongo wa pale ulikuwa umeshalegezwa siku ya maziko, akauweka, akaushindilia kwa viganja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mvua za mwisho zilipoisha miche ilikuwa imesimama, maharage yakazaa, na kila nilipofuata dagaa dada alinijazia kikapu cha maharage mabichi nikapeleke nyumbani. Wazungu walikuja wakampiga picha akiwa ameegemea jembe. Mwenyekiti wa kijiji, mtu asiyesifia hata pombe ya kimpumu aliyonunuliwa, alisema mbele yangu kwamba Wafipa wana akili ya udongo. Nilivimba. Mjini nikawa nasimulia mpaka kwa kinyozi.

Kisha kikaja kiangazi. Kiangazi cha kwetu juu ni cha baridi, asubuhi unatembea umejikunyata na nyasi zina umande mweupe. Cha ziwani ni cha joto, mawe yanawaka. Miche ikaanza kuwa na rangi ya njano. Tukasema ni kiu. Dada akawa anachota maji ziwani tangu alfajiri, ndoo kichwani, tuta kwa tuta, na wale wazee wakimsaidia walivyoweza. Nilimpelekea ndoo mpya na mpira wa maji. Bwana miti alileta matandazo ya kufunika, nyasi nyingine tena, na tukatandaza kwa mikono miwili. Miche ikazidi kuwa njano. Matuta yenyewe yakawa yanadidimia, lakini hilo halikutushtua, tuta ni kawaida yake kushuka nyasi zinapooza.

Siku moja nilifika nikamkuta amekaa chini katikati ya matuta, ndoo pembeni imejaa, hajamwagilia. Nikamwamkia, akaitika bila kugeuka. Akaushika mche uliokuwa mbele yake kwa vidole viwili, akauinua. Ulikuja mkononi kama kijiti kilichochomekwa kwenye mchanga. Mizizi haikuwepo. Chini ulikuwa umechongwa kama penseli. Akavunja tuta kwa ngumi na ndani palikuwa panatembea. Mchwa. Nyasi tulizozibeba kutoka juu zilikuwa zimegeuka nyumba yao, na walipozimaliza wakapanda kwenye mizizi.

Huku juu kwetu mchwa wa namna ile hatuwajui mashambani. Baridi haiwapendi. Ungezika nyasi mwaka mzima ukakuta zimeoza vizuri, nyeusi, zinanukia mvua. Hakuna mtu wa Ufipa ambaye angefikiri kwamba nyasi ndani ya tuta zinaweza kuwa chakula cha kitu kingine.

Tukajaribu mwingine, ukang'oka. Tukaenda tuta jingine. Nilianza kuing'oa kwa hasira, yeye akaniambia niache.

"Ni nyasi zetu, mdogo wangu. Tumewalisha wenyewe."

Alisema hivyo tu. Akainyanyua ile ndoo, akaenda nayo kwenye jiwe, akaumwagilia ule mche wa kaburini. Ulikuwa wa kijani. Ulikuwa umetoa jani jipya.

Nilijaribu kila kitu, na mimi nikijaribu najaribu. Mkutano ulipoitishwa ufukweni nilivaa koti nikasimama kabla sijapewa nafasi. Niliongea kwa sauti yangu yote. Nikasema nitaleta lori la miche mipya, nitaleta watu, wapewe msimu mmoja tu. Bwana miti akasimama baada yangu akaniunga mkono, akasema wazi kwamba yeye ndiye mtaalamu na alikubali matuta, asiadhibiwe mama wa watu.  Lakini waliokwisha kuhama walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na wakauliza kwa nini wao wametii na wengine waongezewe muda. Hilo nalo lilikuwa neno la haki, siwezi kulikataa. Mwenyekiti akasema makubaliano ni makubaliano, kisiwa kitafungwa kabla ya mvua.

Dada alikuwa amekaa chini na akina mama, kanga imefunika mabega. Mwenyekiti akamwuliza kwa heshima kama ana la kusema. Akauliza swali moja, nani atakuwa anang'oa magugu pale kwenye jiwe.  Bwana miti ndiye aliyejibu kwamba atang'oa yeye. Na aling'oa, nilisikia kwa watu, kila alipopita doria, mpaka alipohamishwa.

Siku ya kumchukua ziwa lilikuwa limetulia kabisa, halikuwa na hata kunyanzi. Nakumbuka nililichukia kwa utulivu ule, kwa sababu kama lingetulia hivyo wakati mtoto anaumwa, tusingekuwa pale. Vitu vyake vilikuwa vichache, sufuria, mkeka, jembe. Alikwenda kwenye jiwe peke yake, nikasimama kwa mbali, penye boti. Aliporudi magoti yalikuwa na udongo na hakuukung'uta. Kwenye boti alikaa akitazama mbele, tunakokwenda. Hakugeuka. Mimi ndiye niliyegeuka kila mara, na mche ulikuwa mdogo mno kuonekana.

Amekaa kwangu Malangali tangu wakati huo. Chumba chenye saruji, kitanda cha mbao ya mninga, hana shida ya kitu, sijui ni mdogo gani mwingine Sumbawanga hii amemtunza dada yake hivi. Nina eneo kubwa nyuma ya nyumba na nilimpa lote alime. Msimu wa ntumba ulipofika majirani wakaanza kulaza nyasi. Yeye akazifyeka, akazibeba nje ya uzio, akawapa mbuzi wa watu. Akapanda maharage yake chini, kwenye udongo tambarare, kama mtu ambaye hakufundishwa. Yakatoka membamba. Akina mama walewale wa jumuiya walimtania mwanzoni, wakamwita Mswahili wa pwani, kisha wakaelewa wakanyamaza. Yule aliyenifundisha tuta, tuta halipigi tena. Nilinunua mfuko wa mbolea nikauweka mlangoni kwake. Anautumia.

Kisiwa bado kimefungwa. Mradi uliisha, magari yakaondoka, lakini wanakijiji wameendelea kukilinda wenyewe, kwa sababu kuhe wamerudi. Siwezi kusema uongo, wamerudi, wakubwa, nawapakia kwenye lori langu na wananipa faida. Dada hawali. Nilimwambia mara moja kwamba naweza kumpeleka hadi ufukweni, akakione kisiwa kutoka ng'ambo, akaniuliza akakione kwa mbali kama mgeni? Sikurudia.

Lakini kila ninaporudi kutoka ziwani, kabla hata sijanawa, anatoka nje na kuniuliza mkuyu umefika wapi. Haulizi kingine. Boti za abiria ninazopanda zinapita karibu na kisiwa, na miti mingine hakuna, vichaka tu na nyasi, kwa hiyo unaonekana wenyewe pembeni ya jiwe. Miaka ya kwanza nilimwonyesha kwa mkono, usawa wa goti, usawa wa kiuno. Kisha usawa wa kifua changu. Safari hii nilinyoosha mkono juu, nikasimama kwa vidole, nikaona haitoshi, nikamwonyesha bati.

Akaliangalia lile bati la rangi, yeye ambaye tangu aje hajawahi kulisifia. Akaliangalia mpaka nikaona aibu ya kusimama pale na mkono umeinuliwa. Kisha akaokota jembe akarudi kwenye maharage yake.